Mwangwi na mvumo wa sauti vinatofautiana vipi?

Mwalimu wa chuo, Wete
Assalaam alaykum. Chuo chetu cha Kurani kimehamia katika ukumbi mpya wa urefu wa mita 12, wenye kuta za plasta, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo ambayo huwa tunayafunga kwa ajili ya vumbi. Tangu tuhamie, mwanafunzi akisoma, mwisho wa neno hubakia hewani ukafunika mwanzo wa neno linalofuata, hata nashindwa kujua kama ametamka herufi ya sini au ya swadi. Wazee wanasema huu ni mwangwi, lakini fundi anashikilia kuwa ni mvumo. Naomba kufahamishwa.

Mwalimu wa fizikia, Chake Chake
Waalaykum salaam, maalim. Fundi wako amesema kweli. Vyote viwili ni sauti iliyogonga kitu kigumu ikarudi. Kinachovitenganisha ni muda. Ili sikio litambue kuwa hii ni sauti ya pili, inatakiwa ichelewe takriban sekunde 0.1, na kwa kuwa katika joto letu sauti husafiri kiasi cha mita 350 kwa sekunde, ukuta unaoirudisha uwe mbali angalau mita 17 hivi. Simama mita 50 mbele ya ukuta wa ghala, upige kofi moja: utasikia kofi jengine, limejitenga kabisa. Huo ndio mwangwi. Ukumbini kwako sauti huenda na kurudi mita 24 tu, kisha hurushwa tena na tena baina ya dari, sakafu na kuta, marejeo hayo yakaungana kuwa mkia mmoja unaofifia polepole. Huo ni mvumo.

Msomaji, Mkoani
Tatizo hilihili alipewa Mmarekani Wallace Sabine mwaka 1895, kuhusu chumba cha mihadhara cha Chuo Kikuu cha Harvard. Alijaza humo mito ya viti kutoka ukumbi mwengine, akipima muda wa sauti kufifia, akaona kuwa chumba kikiwa kikubwa mvumo hurefuka, na vitu vinavyomeza sauti vikizidi hupungua. Kizio chake cha kupimia umezaji wa sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, kwani sauti iliyotoka nje hairudi. Basi fungueni madirisha kwanza, maalim, kisha mtafute mazulia mazito. Mkeka ni mwembamba, hautoshi.

Mwalimu wa chuo, Wete
Ahsanteni sana. Jana, madirisha yakiwa yamefungwa, nilipiga kofi nikahesabu mpaka tatu ndipo likanyamaza. Leo tumeyafungua yote, na sikufika mbili. Mtoto wa safu ya nyuma amesoma, na swadi yake nimeisikia.