Haini, gaidi, mpinzani: mbona tunawatia kapu moja?

Kijana_wa_Wete
Asalam aleykum wanabaraza. Jana baada ya ishaa tupo zetu kwenye kahawa, ami mmoja akasema gaidi, mpinzani na mla rushwa wote ni maadui wa taifa hawana tafauti, dawa yao moja. Mie nkamwambia ami haiwezi kuwa, akanjibu we mtoto hujui kitu. Hebu nisaidieni, nani hasa adui wa taifa?

Bi_Mkunga
Wa alaykum salam. Ami yako kasahau ya hapa hapa kwetu au? Wale 18 wa CUF, chama cha upinzani, walitiwa ndani kuanzia 1997 kesi ya uhaini, wamekaa karibu miaka mitatu, mwisho Novemba 2000 Mahkama ya Rufani ikasema uhaini hauwezi kufanywa dhidi ya serikali ya Zanzibar kwa sababu Zanzibar si dola, dola ni Jamhuri ya Muungano, basi watu wakatoka. Yani yakhe unafurahi wenzako wametoka huku roho inakuuma kwa ile sababu yenyewe lol. Ila hukumu hiyo ndo inokufunza kua haini si kila aloichukia serikali.

Mvuvi77
Sawa bibi lakini gaidi yupo kweli tusijidanganye. 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani Dar liliua watu 11, wengi wetu wenyewe, hawana ugomvi na mtu. Na waliohukumiwa maisha kule New York wamo Wazanzibari, Khalfan Khamis Mohamed 2001 na Ghailani 2011. Halafu kuna aina nyengine, wale waliovuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakavamia Kitaya kule Mtwara Oktoba 2020, huyo anakuja na bunduki, ni kazi ya jeshi, huwezi kumtia fungu moja na mtu alosema maneno makali kwenye mhadhara.

Bi_Mkunga
Ndo hapo sasa. Masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa ugaidi, wamesota rumande miaka, Juni 2021 kesi ikafutwa wakarudi majumbani, hakuna alohukumiwa. Sasa mimi mama, mwanangu kaanza kutazama video za ajabu ajabu kwenye simu na kuniambia swala yangu haifai, nende kwa sheha, yule kiongozi wa serikali mtaani, nkaseme? Ntaogopa, naweza nisimuone tena mpaka nizeeke, basi ntanyamaza nimfiche chumbani, na gaidi wa kweli ndo anapotaka ninyamaze hivo hivo.

Kijana_wa_Wete
Shukran sana. Leo ntamsomea ami hii ya Mahkama ya Rufani, ila namjua, atasema hiyo ya Bara haimuhusu 😂 Na mla rushwa je, mbona hamjamgusa?

Mvuvi77
Huyo muulize ami, kamtaja yeye.