Baba alipimwa malaria mara mbili, korona hakupimwa. Kwa nini chanjo ilitufikia kijijini na kipimo hakikufika?

BintiNewala:
Habari zenu wana jukwaa. Swali hili ninalo moyoni tangu 2021, naomba anayejua anijibu.

Julai ile baba alikuwa anapulizia salfa kwenye mikorosho yetu, huku Newala. Akaanza kukohoa. Sote tukasema ni salfa, maana kila msimu humkaba kifua. Siku ya tatu homa ikapanda, tukampakia bodaboda mpaka zahanati. Akatobolewa kidole, tukasubiri dakika 20, tukaambiwa malaria hana. Akapewa mseto, dawa ya malaria, hivyo hivyo. Baada ya siku mbili tukarudi, akatobolewa tena. Kipimo nilikiona kwa macho yangu, kimelazwa pembeni ya daftari la wagonjwa, mstari mmoja tu, yaani hana. Mhudumu akakitazama, akamtazama baba anavyohema, akasema, "Mzee ana changamoto ya kupumua." Ndivyo korona ilivyotajwa siku zile.

Nikamuuliza kama kipimo cha hiyo changamoto kipo. Akanyamaza. Kesho yake usiku baba alifariki njiani tukimkimbiza hospitali, kichwa chake mapajani kwangu.

Korosho zilipoanza kuuzwa, wauguzi walikuja na kiboksi cha baridi hadi ghalani, siku ya mnada. Nikachanja pale pale, magunia yamenizunguka, na nawashukuru. Ila chanjo ndiyo inayotaka barafu. Kipimo cha haraka hakitaki friji, kinakaa kabatini kama kile cha malaria. Ilikuwaje chenye shida ya kusafirishwa kikafika, chepesi kisifike?

MuuguziMstaafu_Lindi:
Pole sana mwanangu. Mzee apumzike kwa amani.

Nilikuwa kwenye zoezi la chanjo upande wa Nachingwea, nakueleza ninachokijua. Mwanzoni kabisa, 2020, sampuli zilipelekwa maabara ya taifa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka kwetu. Vipimo vya haraka vya korona Shirika la Afya Duniani lilianza kuviidhinisha Septemba mwaka huo. Wakati huo sisi tulishaacha kutangaza takwimu tangu mwisho wa Aprili, tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Ugonjwa usiohesabiwa, mwanangu, hakuna anayeuagizia vipimo. Kwa mtazamo wangu kosa lilianzia hapo.

Mwaka 2021 mambo yakabadilika. Julai 24 ikaingia shehena ya chanjo ya Janssen, dozi 1,058,400, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Vipimo vya haraka navyo vilikuwepo nchini, ila tuliviona zaidi kwa wasafiri wanaoshuka viwanja vya ndege. Chanjo ilipata kampeni yake, ule Mpango Shirikishi na Harakishi, na magari na posho. Kipimo kikabaki karatasi ya msafiri.

Na hiyo chanjo haikuwa rahisi. Kichupa kimoja cha Janssen ni watu watano, ukikifungua una saa sita. Nimewahi kukaa chini ya mwembe na watu watatu, nawabembeleza wapita njia wawili watimie.

Kijana_wa_Masasi:
Dada pole. Lakini tuseme ukweli, kipimo kingemsaidia nini mzee? Dawa yenyewe haikuwepo.

BintiNewala:
Kaka, kingesaidia sana. Tungejua siku ya tatu, tungempeleka penye oksijeni siku ile ile, akiwa bado anakaa mwenyewe kwenye bodaboda. Sisi siku mbili tulimpa mseto tukingoja homa ishuke.

Tena si yeye peke yake. Walimwosha watu wanne, bila barakoa wala glovu. Matanga tulilala chumba kimoja wanawake kumi na tatu. Wiki iliyofuata mama akaanza kukohoa, na shangazi. Walipona, Alhamdulillah. Ule mstari wa pili ungetuambia tukae mbalimbali.

Ruangwa_Yetu:
Naongeza moja. Julai 2022 huku kwetu watu walianza kutokwa damu puani. Sampuli zikachukuliwa, na mwezi huo huo Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wa wakati huo, akatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotoka kwa wanyama: wagonjwa 20, watatu wamefariki. Hofu ilikuwa kubwa, watu wakisema ni Ebola. Jina la ugonjwa lilipojulikana tukaambiwa tuchemshe maji na tujihadhari na mikojo ya wanyama, watu wakatulia wakafuata. Kwa hiyo kupima na kutuambia inawezekana, hata kusini.

BintiNewala:
Asante ndugu. Mzee muuguzi, sasa hivi mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati yetu. Ukija mlipuko mwingine tusikae mikono mitupu. Niseme nini kikaoni?

MuuguziMstaafu_Lindi:
Usiombe kwa mdomo. Mwambie mganga mfawidhi aingize vipimo kwenye mpango wa mwaka wa zahanati, na muone kwenye fomu ya maombi ya Bohari ya Dawa kama vimeandikwa. Halafu uliza swali lako lile lile: mtu ana homa, malaria hana, anahema. Hatua inayofuata ni ipi, na gari la kumbeba linatoka wapi? Jibu liingie kwenye muhtasari, msome kabla ya kusaini.

BintiNewala:
Nimeandika yote kwenye daftari. Kikao ni Jumanne, nitarudi kuwaambia walivyojibu.