TSH iko juu, T4 iko chini, na shingo ya yaya imevimba: inaenda namna gani?

furaha_kadutu
Jambo kwenu bote. Yaya yangu (dada mukubwa) iko na miaka 34, tunaishi hapa Kadutu, mu Bukavu, toka mwaka jana anachoka bila sababu, baridi inamusumbua hata saa sita ya mchana, kilo zinapanda wakati anakula kidogo tu, na sasa shingo hapa mbele imevimba. Majirani banasema ni karuho (sumu ya kutiliwa kwa siri), tumupeleke kwa mutu wa dawa ya kutapisha. Tukafanya kwanza egzame ya damu, karatasi inaonyesha TSH 38 na T4 chini. Docta akaandika kidonge cha kila asubui, akasema "ni tezi", tukatoka. Sielewi: kama tezi haifanye kazi, juu ya nini inavimba badala ya kunyauka? Na TSH kuwa juu, si maana yake homoni ni mingi?

muuguzi_bagira
Pole sana Furaha, na mulifanya vizuri kuanzia labo. TSH haitoke mu tezi ya shingo. Inatoka kichwani, ku tezi ndogo inakaa chini ya ubongo, na kazi yake ni kuamuru ile ya shingo itoe homoni yake, T4. T4 ikitosha mu damu, kichwa kinapata habari, kinapunguza TSH. T4 ikipungua, kinaongeza. Kwa hiyo TSH 38 (kawaida haipite 4 ao karibu pale) maana yake kichwa kinaamuru na hakipate jibu. Sasa TSH haiamuru tu, inakomalisha tezi yenyewe, seli zinaongezeka, ndiyo ile kuvimba unaona. Inavimba juu inasukumwa, na homoni haitoki.

Na T4 ndiyo inapanga mwili utumie chakula kwa mwendo gani. Ikikosekana kila kitu kinapunguza mwendo: moto wa mwili, moyo, tumbo, hata akili inakuwa nzito. Yaya yako hana uvivu, na hakuna mutu amemuroga.

mwana_kalehe
Niongeze kitu. Ile "4" ya T4 ni atomu 4 za ayodini, bila ayodini homoni haijengeke. Udongo wa milima yetu mvua imeuosha, ayodini imebaki kidogo. Lakini si hiyo peke yake! Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, batafiti ba miaka ya 1960 na 1970 balikuta kisiwa kizima kinakosa ayodini, lakini rovu (ile kuvimba ya shingo) ilikuwa mingi sana upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Balipofuatilia balikuta muhogo. Muhogo mukali ambao haujalowekwa vizuri unaacha sumu, mwili unaigeuza iwe tiosianati, na ile inazuia ayodini kuingia mu tezi. Kwetu bamama bengine siku hizi banafupisha siku za kuloweka juu soko inabaharakisha, na hiyo inaniuma kabisa.

furaha_kadutu
Asanti sana. Basi tukimununulia chumvi ya ayodini nzuri ataacha kidonge? Kwa sasa anakimeza na chai ya maziwa, pamoja na dawa ya kuongeza damu.

muuguzi_bagira
Hapana Furaha, asiache, na musimupe ayodini ya ziada kwa akili yenu, inaweza kuharibu zaidi. Hapa mjini karibu kila mutu anakula chumvi ya ayodini, kwa hiyo inawezekana shida ni ingine: askari ba mwili wenyewe banashambulia tezi. Muulize docta egzame ya antikorps (silaha za bale askari mu damu), hiyo itatofautisha.

Kidonge kimezwe na maji tupu, tumbo tupu, nusu saa ao saa moja mbele ya chai. Dawa ya kuongeza damu iko na feri (madini ya chuma), inakamata kidonge mu tumbo hakifike mu damu, muziachanishe masaa 4. Halafu muwe na subira, T4 inakaa mu damu siku mingi, TSH inapimwa tena kisha wiki 6 ao 8, akipima mbele ya hapo karatasi itamudanganya.

Na kama anafikiri kuzaa ao iko na mimba, amwambie docta leo, si kesho. Miezi ya kwanza mutoto anajenga ubongo na T4 ya mama yake.

furaha_kadutu
Tumbo iko na miezi mbili. Hatukumwambia docta. Tunarudi kesho asubui saa moja.

muuguzi_bagira
Muende na ile karatasi ya labo, museme mimba kwanza, juu kipimo cha kidonge pengine kitabidi kiongezwe.