Kulisha vyuma kwenye lezi ya CNC: tuanze na roboti?

Fundi wa Chang'ombe
Wakuu, habari za kazi. Karakana yetu ina lezi mbili za CNC (mashine za kukereza zinazoongozwa na kompyuta) zenye chaki ya haidroliki, yaani taya zinazobana chuma kwa nguvu ya mafuta. Mkate wetu ni bushi (vipande vya bomba fupi) za chuma za springi za malori: kipenyo milimita 45, urefu 60, vipande 400 kwa wiki. Kimoja hukerezwa kwa sekunde 190, halafu kijana anafungua mlango, anatoa, anapuliza taya kwa hewa, anaweka kingine, anakanyaga pedeli. Sekunde 40 hivi. Asubuhi yuko makini kabisa, ila ikifika saa tisa alasiri mkono umechoka. Juzi uzi wa chuma, ule unaochunwa na kisu, ulibaki nyuma ya kipande, hakikukaa sawa, kisu kikavunjika. Bosi anataka tuagize roboti. Mimi natamani huyu kijana ajifunze kupima na kupanga mashine, ana kipaji. Aliyewahi kufanya anishauri.

Mkerezaji Nairobi
Mkuu, piga hesabu kwanza. 400 mara sekunde 230 ni saa 25 na nusu kwa wiki. Roboti italala muda mwingi.

Tundu la spindo (mhimili unaozungusha chaki) linapitisha 45? Basi acha kukata vipande kwa msumeno. Ingiza chuma cha sentimita 45 na ufunge kivuta-chuma kwenye tareti, kile kichwa kinachobeba visu. Ni vidole viwili vyenye springi: vinabana chuma, chaki inafunguka, tareti inavuta milimita 64 (60 za bushi, 3 za kisu cha kukatia, 1 ya kusawazisha uso), chaki inafunga. Iite programu ndogo kwa amri ya M98 mara sita, kisha isimame. Hapo una dakika 20 bila mtu.

Mimi mara ya kwanza nilisahau G98, amri ya mwendo wa kwa dakika. Spindo ikiwa imesimama, mwendo wa kwa kila mzunguko hausogezi kitu, na nilipoteza nusu siku nikitafuta ubovu kwenye nyaya.

Na tafadhali sana: chuma kisitokeze nyuma ya spindo. Kikizunguka kasi kinapinda na kuchapa kila kilicho karibu. Ndani weka bomba la plastiki kisigongegonge.

Abuu Sharjah
Huku nalisha lezi kwa roboti, mwaka wa pili sasa. Mkono wake una vishikio viwili, kimoja kinatoa kilichoiva, kingine kinaweka kipya. Nyuma ya taya kuna kitundu cha hewa: kipande kisipokaa sawa hewa inavuja, mashine inakataa kuanza. Vishikio hubana kwa springi, umeme ukikatika chuma hakidondoki.

Lakini hata ukitumia kivuta-chuma, maliza kwanza habari ya nyuzi. Ongeza mwendo wa kisu mpaka chuma kitoke vipande vifupi, na toboa kwa hatua, kwa amri ya G74.

Fundi wa Chang'ombe
Nashukuru sana, ndugu zangu. Tundu ni 52, linapita. Nimemwonyesha bosi hesabu ya saa 25, amekubali tuchonge kivuta-chuma wenyewe. Swali moja: bushi ikikatwa, ukingo wa nyuma unabaki na makali. Nirudishe kwenye mashine?

Mkerezaji Nairobi
Hapana. Kisu cha kukatia kiingie milimita chache, kitoke, kisogee pembeni kikate ukingo kwa mshazari, ndipo kirudi kumalizia. Pale kwenye tundu la bushi kijana apitishe kifaa cha mkono cha kuondoa makali wakati mashine inaendelea na inayofuata.