Yule wa taa za treni Mungu anamuona, tumepitwa na mabehewa MATUPU

Bi_Mahamri:
Nimeingia Malindi saa hizi, sijavua hata buibui, miguu imeumuka kama mahamri, niko barazani kwa shangazi naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Yule bwana wa taa za treni, mnamjua, msijifanye hamumjui, kila aliyeshuka na treni kutoka Nairobi anamjua, yule ambaye kazi yake ni kukaa kitini na kuamua nani apite nani akae. Leo ametukalisha.

Tumetoka Nairobi asubuhi vizuri. Kufika Mtito Andei treni ikaanza kuvuta miguu, ikasimama, ikaenda, ikasimama, sawa, mashine hiyo, nani wa kulaumiwa. Tukapita Voi. Mbele kidogo tukaingizwa reli ya pembeni kwenye kituo hakina mtu, hakina duka, hakina hata mbuzi, tukaambiwa tunapisha. Haya. Ikaja ya mizigo kutoka Mombasa, makontena mpaka macho yakachoka, ikapita, nikamwambia mama niliyekaa naye haya sasa zamu yetu. Kimya. Dakika ishirini. Nusu saa. Kisha nasikia mngurumo unatoka NYUMA, yaani inatoka kule kule tulikotoka na inaenda kule kule tunakokwenda, treni ya mizigo, na haina mzigo. TUPU. Mabehewa bapa, matupu, yanapita huku nauona mbuyu wa upande wa pili mzima mzima juu yake, nimeyahesabu hamsini na mawili, hamsini na mawili hayana hata gunia la vitunguu, na mtoto wa kiti cha mbele anayapungia mkono. Yaani upepo umepewa njia, watu na roho zao tumekaa pembeni tunautazama upepo ukienda Mombasa.

Na mimi nimebeba nini? Kanzu na joho la bwana harusi. Mdogo wangu anaoa leo, akdi baada ya magharibi, kanzu nimeishonesha Eastleigh, nimeipakata safari nzima kama mtoto mchanga isije ikakunjana. Tulikuwa tushuke saa nane mchana. Tumeshuka saa kumi na moja kasorobo, bado kutafuta matatu, bado ijae, bado jam ya Mtwapa. Naingia Malindi isha imeshaswaliwa. Mdogo wangu ameoa na kanzu ya ami yetu, na ami ni mfupi, imemkomea kwenye muundi, soksi zote nje, na ndizo picha zitakazokaa ukutani mpaka Kiyama.

Matupu jamani. MATUPU.

Pweza_Mkavu:
Kwani nguo ya harusi huletwa siku ya harusi? Ungekuja jana reli ingekukatalia?

Bi_Mahamri:
Fundi amemaliza jana saa nne za usiku. Na usinitoe kwenye maneno yangu. Hamsini na mawili.

Mzee_wa_Reli:
Pole mwanangu, na harusi iwe na kheri. Mimi nimekula mshahara wa reli miaka mingi, niruhusu kidogo. Njia ile ni moja, treni hupishana vituoni tu, na baina ya kituo na kituo haingii nyingine mpaka aliyemo atoke. Yule bwana haoni dirisha lako, anaona mstari mzima. Treni ikishachelewa imepoteza nafasi yake, na iliyo kwenye saa yake haiharibiwi kwa ajili ya iliyochelewa, la sivyo leo amechelewa mmoja mpaka jioni wamechelewa kumi. Halafu yenu ilishakohoa tangu Mtito Andei. Angeitanguliza ikazimika baina ya vituo viwili, hapo hapiti mwenye mzigo wala asiye nao. Ile ya makontena nayo inapanda kutoka pwani, ukiisimamisha na uzito ule kuiondoa tena ni kazi, na nyingine ni ndefu, reli ya pembeni haiwatoshi, ndio maana mfupi ndiye hujibanza. Na hayo matupu bandarini yanangojewa yapakiwe.

Bi_Mahamri:
Mzee wangu nakuheshimu, lakini iliyojaa niliipisha sikusema neno, nimesema mimi? Neno langu ni hayo matupu. Na mimi nimechelewa kwa ajili ya nani? Ananiweka pembeni nachelewa, kisha kwa kuwa nimechelewa ananiweka tena! Maana hata kule Mariakani tumesimama mara nyingine, sikuandika kwa sababu mikono inatetemeka. Kama bandari inayangoja mabehewa, na mimi nilikuwa nangojewa, kuna mtu alikuwa amesimama na singlendi anangoja kanzu.

Kijana_wa_Ngowe:
Marekani tangu 1973 sheria inasema treni ya abiria itangulie ya mizigo. Huku kwetu je? Tuandike barua tuitie sahihi, mimi wa kwanza

Mzee_wa_Reli:
Sheria wanayo, na Amtrak, kampuni yao ya treni za abiria, mpaka leo wanalia kuwa wanawekwa pembeni wapishe mizigo, kwa sababu sehemu kubwa ya reli wanazopita ni mali ya kampuni za mizigo na mwenye kuwasha taa ni mtu wa hizo kampuni. Halafu afadhali kukalishwa. Mwaka 1921 kule Abermule, Wales, njia moja vile vile, dereva haondoki mpaka apewe tokeni, yaani kibali cha kushika mkononi, ya kipande cha njia anachoingia. Treni ikafika kituoni, dereva akatoa tokeni yake, wafanyakazi wakaipokezana wenyewe kwa wenyewe, mwisho akarudishiwa ile ile aliyoitoa, ya kipande alichotoka, si ya anachoingia. Hakuitazama. Akaondoka, mbele akakutana uso kwa uso na ya haraka, watu 17 wakafa.

Pweza_Mkavu:
Tumetoka kwenye kanzu tumefika Wales 😂 dada weka hiyo picha ya muundi basi tukulilie vizuri

Nahodha_Mokowe:
Nyinyi mna treni ya kuwachelewesha mshukuruni Mungu. Sisi Lamu LAPSSET, ule mradi wa bandari, barabara na reli, imezinduliwa Machi 2012, tukaambiwa reli itaanzia hapa iende mpaka Isiolo na mbele huko. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Reli hata taruma moya sijaliona. Mimi sina taa ya kunisimamisha sababu sina ndia yenyewe

UmmuShela:
Na kuja huko Lamu kwenyewe? Basi linakalishwa Minjila, njiani huko, mnangoja eskoti ya polisi, mnangoja mengine yafike mtoke msafara, jua hilo, watoto ndani, aliyewahi na aliyechelewa wote mnaondoka pamoja. Sasa nimewahi nini mimi, nimeamka saa tisa usiku nimewahi nini

Kijana_wa_Ngowe:
Kisha mkifika Mokowe, pale bara pa kuvukia kwenda kisiwani, boti haiondoki mpaka ijae

UmmuShela:
Usinikumbushe!! Juzi imebakisha mtu mmoja, MMOJA, nikasema nitamlipia huyo mtu asiyekuwapo tuondoke, nahodha akasema ngoja kuna basi laja. Mara spidiboti hiyo nyuma yetu ina watu watatu, ikaondoka

Nahodha_Mokowe:
Spidiboti ni nauli nyingine dada usichanganye mambo. Mafuta wajua bei yake? Nikivuka na nusu boti nimevuka kwa hasara, jioni nyumbani kuna ndaa

Bi_Mahamri:
Jamani uzi huu ni wa treni. Mabehewa hamsini na mawili, matupu, yametoka nyuma yetu yakatangulia mbele yetu.

Pweza_Mkavu:
Tumesikia dada. Nahodha, boti ya mwisho kuvuka siku hizi saa ngapi? Nina wageni Jumamosi wanakuja na basi la asubuhi kutoka Mombasa

Nahodha_Mokowe:
Wageni wangapi? Wakiwa kumi hatungoji mtu, nawavusha pale pale. Mizigo pia wanayo?

UmmuShela:
Bi Mahamri hiyo kanzu mpya ni saizi gani? Kaka yangu anaoa mwezi ujao

Bi_Mahamri:
HAIUZWI.

Nahodha_Mokowe:
Na mizigo mizito niambieni mapema, sipakii friji pamoja na watu