Tupeane uzoefu: Soseono wa Jumong (Han Hye-jin) alikuingiaje moyoni?

Wadau, kila tamthilia ya Kikorea ya Jumong ikitajwa watu wanamsifia steringi, Song Il-gook. Leo naomba tumzungumzie Han Hye-jin, aliyecheza Soseono, binti mfanyabiashara anayependana na Jumong. Naanza mimi, nanyi mshushe ya kwenu.

Nilikuwa kidato cha pili, Morogoro. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa na mabenchi ya mbao na pazia jeusi mlangoni. Kituo cha TV cha MBC cha Korea Kusini kiliionyesha Jumong kuanzia 2006 hadi 2007, sehemu 81, na sisi ilitufikia kwenye CD, mtafsiri akizungumza Kiswahili juu ya Kikorea. Sauti ya dada huyu hatukuisikia sawasawa, kwa hiyo mimi nilimsoma usoni. Akiamini Jumong amekufa, anakubali kuolewa na mwanamume mwingine, Wutae. Hasemi mengi. Uso wake umetulia kama wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na hataki hata tone limwagike. Kibanda chote kimya, hata wale wa bisi waliacha kutafuna. Alipoanza kazi ile alikuwa na miaka 24 tu, na ndiye aliyenifanya nipende uigizaji wa kunyamaza.

*

Mdau wa Lindi hapa. Marehemu mama alikuwa akinunua chumvi kwenye mashamba ya huku na kuipeleka Masasi kwa viroba. Siku msafara wa Soseono unakwenda kutafuta chumvi ya mlima Gosan, aliacha sufuria jikoni akaja kukaa mbele kabisa ya TV. Mapigano hakuyajali. Ikifika vita anarudi kupika, akionekana Soseono tunamwita: "Mama, mwenzio huyo!" Alipenda kwamba Soseono, binti wa mfanyabiashara Yeontabal, anajua bei, anajua kupanga watu, na wanaume wazima wanamsikiliza. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne. Nikimwona Han Hye-jin popote, namwona mama na daftari lake la madeni.

*

Mimi nilimjulia kwenye mpira. Ki Sung-yueng, kiungo wa Swansea wakati ule, alimuoa 2013. Kaka yangu ndiye aliyeniambia, "Huyu si ndiye mume wa Soseono?" Sikuamini mpaka nilipoona picha. Mwisho wa mwaka huohuo Han Hye-jin akarudi kwenye kituo cha TV cha SBS na One Warm Word, tamthilia ya ndoa zilizoingiliwa na usaliti. Bibi harusi mpya angeweza kuchagua kitu chepesi cha mapenzi. Yeye akachagua ile. Nilimheshimu sana.

*

Jamani, msisahau Be Strong, Geum-soon! ya 2005. Ndiyo iliyompa jina kwao kabla ya Jumong. Ni mjane kijana mwenye mtoto mchanga, anataka kuwa msusi. Mimi niko saluni Temeke mwaka wa kumi na mbili huu, nilianza kwa kufagia nywele na kuosha taulo. Niliiangalia kwenye simu, usiku, mwanangu akiwa amelala mapajani. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miezi mitano. Geum-soon akilia nalia naye, akicheka nacheka peke yangu gizani. Soseono ni malkia, nampenda, ila Geum-soon ni mimi.

*

Wa Temeke, umenigusa, pole sana dada yangu. Hiyo naitafuta leo. Mimi wa mwisho kumwona ni kwenye Divorce Attorney Shin ya 2023, anacheza mtangazaji wa redio anayepigania kubaki na mwanawe baada ya ndoa kuvunjika. Miaka 17 tangu Jumong ianze, na utulivu ni uleule.

Namalizia yangu. CD ya mwisho pale kibandani ilikuwa na mikwaruzo, ikakwama kabla Soseono hajaaga. Tuliifuta kwa fulana, ikakataa. Miaka mingi nilikuwa nahadithiwa tu kwamba anawachukua wanawe, Biryu na Onjo, anakwenda kusini ili wasigombee kiti cha ufalme na Yuri, mtoto wa Jumong na mkewe Yesoya. Nilikuja kuiona chuoni, kwenye laptopu ya rafiki, saa nane usiku. Nilifunga laptopu nikaenda kukaa nje kwenye ngazi za hosteli mpaka adhana ya alfajiri.

Wengine karibuni, hasa mlioziona tamthilia zake za katikati.