Skrubu ya kabureta imegoma: nigonge, nikate mfereji, au ninunue kabureta mpya?

KijanaMagomeni (Mtwara)
Wakuu, habari za jioni. Pikipiki yangu inamisi asubuhi na plagi inatoka nyeusi tii. Nikasema nifungue kabureta niisafishe mwenyewe, lakini skrubu moja imegoma. Bisibisi inateleza na ile nyota ya kichwani imeanza kulika. Nawaza mambo matatu: ninunue bisibisi ya kugonga kwa nyundo, nikate mfereji kwa msumeno wa chuma nitumie bisibisi bapa, au niachane nayo ninunue kabureta nyingine, dukani wameniambia 45,000. Natafuta riziki kwa boda na keshokutwa nina abiria wa Newala. Ipi bora?

FundiMzee_Lindi
Kijana wangu, umeeleza vizuri ila ya muhimu umeyaacha. Pikipiki gani? Kabureta bado iko kwenye injini au umeshaishusha? Na skrubu ipi? Za bakuli la chini linalokaa petroli ni habari moja, ya hewa, ile ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta, ni nyingine, ya sailensa, yaani ya kurekebisha mwendo wa injini ukiwa umeachia mafuta, ni nyingine tena. Ukiharibu ya bakuli umepoteza skrubu. Ukiharibu ya hewa umepoteza kabureta.

MamaBoda_Masasi
Na uko karibu na bahari kiasi gani? Nina pikipiki mbili zilizonunuliwa wiki moja, moja iko hapa Masasi, nyingine nimempa mdogo wangu Mtwara, Shangani. Ya huku skrubu zinafunguka mpaka leo. Ile ya Shangani kila kichwa cha skrubu kimezungukwa na ungaunga mweupe kama chumvi ya mezani.

DerevaNewala
Nunua mpya, usijitese. Siku mbili bila kazi ni zaidi ya hiyo 45,000 ukijumlisha hesabu ya tajiri.

FundiMzee_Lindi
@DerevaNewala mdogo wangu, kabureta mpya nayo ina mambo yake. Jeti, vile vitobo vya kupimia mafuta, zimechongwa namba kichwani. Ukifunga mpya bila kulinganisha na za zamani, unaweza kuondoa misi ukaleta ulaji wa mafuta, au pikipiki ikakosa nguvu mlimani. Na mlima wa kupanda Newala unaujua wewe kuliko mimi. Anayenunua aende na ile ya zamani mkononi, asome namba hapohapo kaunta.

Nyota_Nne
Jamani, mbona hakuna aliyegusa chanzo? Tatizo ni bisibisi. Nyota ya Phillips na nyota ya Kijapani, ile ya JIS, si kitu kimoja, ingawa kwa macho zinafanana. Phillips ukiongeza nguvu inajisukuma kutoka nje ya kichwa. Ukiiingiza kwenye skrubu ya JIS haikai mpaka chini, inashika kwenye kingo tu, halafu inakula. Skrubu nyingi za JIS zina kinukta kimoja kichwani, angalia kwa tochi. Hizi pikipiki za Kichina nyingi zimefuata injini ya CG ya Honda, ambayo ipo tangu 1976, na skrubu zake mara nyingi ni za mtindo huohuo. Kama huna bisibisi ya JIS, chukua Phillips ya zamani, isage ncha kidogo sana kwenye jiwe la kunolea ili izame. Halafu paka nchani ile pesti ya kusagia vavu. Ina chembechembe, inang'ata. Mimi nikiwa na hiyo pesti sihitaji nyundo.

DerevaNewala
Bisibisi ya kugonga ndiyo dawa. Piga mara tatu, inaachia. Kwangu haijawahi kushindwa.

FundiMzee_Lindi
Kwenye kava la injini nakubali. Kwenye kabureta sikubali hata kidogo. Lile bodi ni la kumimina, laini, tena lina masikio membamba ya kufungia. Ukiligonga likiwa juu ya sakafu ya saruji, skrubu itaachia na sikio litaondoka nayo. Kama lazima ugonge, weka kabureta juu ya kipande cha mbao ya mwembe na upige kama unayegonga yai.

Nahodha_Kitunda
Naomba niseme yaliyonipata, kwa sababu naona kijana anaelekea kulekule.

Mimi huvusha samaki kutoka Kitunda kuja Lindi mjini. Pikipiki ilikuwa inakunywa mafuta, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Skrubu ya hewa ilikuwa ngumu. Akaipulizia mafuta, akasubiri muda wa kuvuta sigara moja, akaishika kwa bisibisi kubwa. Badala ya kuifungua akaikaza kwanza, anasema anahesabu mizunguko. Ilipogusa mwisho hakusimama, akaongeza robo nyingine kwa nguvu. Nilisikia "tik" ndogo. Nikamuuliza, akasema ni kutu inaachia.

Tangu siku ile injini ikawa inazima kila nikiachia mafuta. Lazima nipige resi muda wote, hata nikiwa nimesimama. Akabadilisha plagi, nikalipa. Akabadilisha koili, nikalipa. Siku ya tatu nashuka kwenye pantoni na matenga mawili ya vibua nyuma, nikaachia mafuta kidogo ili aliyekuwa mbele apite. Ikazima katikati ya mteremko wa chuma uliolowa. Nilishika breki zote mbili, pikipiki ikateleza kiubavu, tenga moja likamwagika majini. Mguu ulivimba wiki nzima.

Mzee mmoja wa Mtanda ndiye aliyenifumbua macho. Alilitoa bakuli, akaelekeza bodi kwenye jua, akanionyesha ndani ya koo la kabureta: kitobo kidogo kama cha sindano, na ndani yake inang'aa shaba. Ilikuwa ncha ya skrubu, imekatika na kuziba njia. Tulijaribu waya, tulijaribu upepo wa kompresa, haikutoka. Kabureta ikaishia hapo.

MamaBoda_Masasi
Pole sana kaka. Na hela za plagi na koili hakurudisha?

Nahodha_Kitunda
Hakurudisha, dada. Sikumfuata, kazi ilinibana.

KijanaMagomeni (Mtwara)
Samahani wakuu, nilikuwa naswali. Ni ya Kichina ya 150, kabureta imeandikwa PZ27. Nimeshaishusha, iko mezani. Iliyogoma ni ya bakuli, nyingine zimetoka. Ungaunga mweupe upo, kama alivyosema Mama. Na kweli sijawahi kuiosha na maji ya bomba baada ya kutoka Msimbati.

FundiMzee_Lindi
Sasa tunaongea. Chuma ndani ya bodi la aina nyingine, ukiongeza chumvi ya bahari, vinang'atana. Usiku huu mimina mafuta ya kupenyeza, hata dizeli si mbaya, ikae mpaka asubuhi. Kesho nenda kwa fundi redio, akuwekee ncha ya solda juu ya kichwa cha skrubu dakika mbili tatu. Joto linakwenda zaidi palepale, boya la plastiki si rahisi lidhurike. Usilete moto wa gesi, na ukaushe petroli yote kwanza, hata harufu isiwepo. Ikishindikana, ishike kichwa kwa vaisigripu ndogo, ile koleo inayojifunga. Mfereji wa msumeno uwe wa mwisho.

Nyota_Nne
Na skrubu mpya ukifunga, pakaza grisi kidogo.

DerevaNewala
Ila wakuu, plagi nyeusi si lazima iwe skrubu. Ekilina, chujio la hewa, ikijaa vumbi ni vilevile. Na haya mafuta ya chupa yana maji.

MamaBoda_Masasi
Mafuta ya chupa msiyalaumu bure. Huku vijijini ukimwambia mtu aende kituo cha mafuta ni safari ya nusu siku. Wauza chupa ndio wanaotubeba msimu wa korosho. Weka chujio kwenye mpira wa mafuta, basi.

DerevaNewala
Mama, chujio linazuia uchafu, maji halizuii. Nimefungua bakuli langu mara ngapi nakuta maji yametulia chini kama machozi?

Nahodha_Kitunda
Maji yanaingia pia kwenye tangi usiku, likiwa nusu. Lijaze unapolala.

MamaBoda_Masasi
Dereva wa boda alale na tangi limejaa? Hela ya kujaza iko wapi jioni?

KijanaMagomeni (Mtwara)
Mafuta nimemimina, asubuhi naenda kwa fundi redio. Mzee, ikifunguka, ile ya hewa niirekebishe vipi?

FundiMzee_Lindi
Kwanza hesabu mizunguko kwa kuifunga taratibu, kwa vidole viwili, ikigusa tu simama. Andika, kisha irudishe ilipokuwa. Nyingi zinakaa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Washa, injini ipate moto kamili, zungusha robo robo mpaka isikike imetulia na iko juu, ndipo ushushe sailensa. Ila angalia skrubu iko upande gani. Ikiwa upande wa ekilina, kufunga kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, kufunga kunayapunguza. Yako iko upande gani?

Nyota_Nne
PZ27 nilizofungua mimi hazikuwa sawa zote.

DerevaNewala
Na huyo abiria wa keshokutwa? Kama hutaweza nipe namba, mimi niko Mtwara mpaka Ijumaa.